Fuata Namba Hadi Chanzo Chake: Mwongozo wa Kutafiti Uhandisi, Hisabati na Teknolojia Mtandaoni

Tuseme kuna paneli za sola juu ya paa la zahanati mjini Dodoma, na wewe ndiye unayeulizwa: vumbi la kiangazi linakula umeme kiasi gani, na paneli zioshwe kila baada ya siku ngapi? Ukiliingiza swali hilo kama lilivyo kwenye Google utaletewa asilimia za kila aina: 5, 20, 40. Zote zinaweza kuwa za kweli mahali fulani. Kazi yako ni kujua kila namba ilipimwa wapi, ilipimwa na nani na kwa kifaa gani, na kama hapo mahali panafanana na kwako.

Tutalishika swali hilo la vumbi kwa sehemu kubwa ya mwongozo, kwa sababu linapita karibu kila mlango wa utafiti wa uhandisi. Hisabati na kompyuta zina milango yao mingine, nazo tutazifikia.

Hatua ya 1: Tafuta neno la fani kabla ya kutafuta makala

Utafutaji mwingi hushindwa hapa. Tafiti za uhandisi zimeandikwa zaidi kwa Kiingereza, na wataalamu wa paneli wakizungumzia uchafu hawatumii sana neno "dust". Neno lao ni "soiling". Anayetafuta "dust on solar panels" hupata matangazo ya brashi na sabuni, lakini anayetafuta "PV soiling loss" hupata vipimo.

Chukua karatasi, chora safu tatu: kitu, tukio, kipimo. Chini ya kitu andika "photovoltaic" na "PV module". Chini ya tukio, "soiling" na "dust deposition". Chini ya kipimo, "soiling ratio", "soiling loss" na "cleaning interval". Soiling ratio ni umeme wa paneli chafu ukigawanywa kwa umeme wa paneli safi iliyo pembeni yake, ikiwa 0.95, vumbi limekula asilimia 5. Kama hujui maneno ya kuanzia, fungua makala yoyote ya mapitio kuhusu mada yako na usome mstari wa maneno muhimu ulio chini ya ikisiri (abstract). Mstari huo peke yake unaweza kukuokolea saa nzima.

Usiandike "soiling" tupu, kwani utaletewa udongo wa mashambani. Na usitegemee jina la mji wako. Tafiti zilizopima Dodoma yenyewe ni chache, lakini zilizopima maeneo makavu yanayofanana nayo ni nyingi, kwa hiyo weka "semi-arid" badala ya jina la mji.

Hatua ya 2: Tafuta kwa mpangilio huu

Anza na Google Scholar. Andika: "soiling" "photovoltaic" "semi-arid" "cleaning interval", kila neno ndani ya alama zake za nukuu. Matokeo yakiwa machache mno, ondoa neno la mwisho. Yakiwa mengi mno, weka intitle: mbele ya soiling ili neno hilo liwe kwenye kichwa cha makala. Alama ya kutoa iliyobandikwa mbele ya neno hulifukuza neno hilo.

Scholar hutanguliza makala zilizonukuliwa mara nyingi, kwa hiyo kazi za zamani hukaa juu. Pitia ukurasa wa kwanza hivyo hivyo ili uone kazi za msingi, kisha chuja kwa miaka mitano ya karibuni. Ukipata makala moja nzuri, acha kuandika maneno mapya. Bofya kiungo kinachoonyesha walioinukuu makala hiyo, uone nani aliichukua kazi hiyo akaisogeza mbele au akaipinga. Orodha ya marejeo inakurudisha nyuma. Orodha ya walionukuu inakupeleka mbele. Makala tano zinazopatikana kwa njia hiyo zina faida kuliko hamsini zilizopakuliwa kwa kubahatisha.

Baada ya Scholar nenda OpenAlex au Semantic Scholar, ambazo nazo ni za kutafutia makala. Zote ni za bure na huibua kazi ambazo Scholar imezizika chini. Kisha rudi nyumbani. African Journals Online inakusanya majarida ya Afrika, na vyuo vyetu vina hazina zao za tasnifu. Kwenye Google ya kawaida andika site:ac.tz soiling photovoltaic, halafu badilisha uweke ac.ke, ac.ug na ac.rw. Tasnifu ya uzamili mara nyingi ina viambatisho vyenye jedwali zima la vipimo, kitu ambacho makala ya jarida hukikata kwa ufinyu wa nafasi. Tovuti za hazina hizi wakati mwingine hazifunguki. Jaribu tena kesho yake kabla ya kukata tamaa.

Hatua ya 3: Ipate makala yenyewe

Umegonga ukuta wa malipo. Kabla ya kutoa hata senti, pita njia hizi:

1. Nakili DOI, namba ya kudumu ya kuitambulisha makala, ile inayoanza na 10. na kufuatiwa na mkwaju. Sakinisha kiongezi cha Unpaywall kwenye kivinjari. Kama kuna nakala halali ya bure mahali popote, kialama chake pembeni mwa ukurasa kitageuka kijani.
2. Kwenye Scholar, fungua orodha ya matoleo yote ya makala hiyo. Toleo la mwandishi lililowekwa kwenye hazina ya chuo chake huwa humo mara nyingi.
3. Tafuta kichwa cha makala kwenye CORE au BASE, ambazo hukusanya hazina za vyuo vya dunia nzima. Kwa nishati, jaribu pia OSTI, hazina ya ripoti za Wizara ya Nishati ya Marekani.
4. Muulize mkutubi kuhusu Research4Life, mpango wa kuzifikishia taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya kulipia. Ndani yake kuna ARDI, sehemu inayoratibiwa na WIPO, Shirika la Miliki Bunifu Duniani, kwa ajili ya sayansi na teknolojia. Nchi zimegawanywa makundi mawili: taasisi za nchi za kundi A hupata bure, za kundi B hulipa ada ndogo. Anayesajiliwa ni taasisi, siyo mtu binafsi. Vyuo vingi vimesajiliwa na wanafunzi wao hawana habari. Muulize pia kuhusu majarida yanayolipiwa kwa pamoja na maktaba: Tanzania kupitia COTUL, Kenya kupitia KLISC.
5. Mwandikie mwandishi. Anwani yake imechapishwa kwenye ukurasa wa kwanza wa makala. Sentensi tatu zinatosha: wewe ni nani, unaomba makala ipi (weka DOI), unaitaka kwa kazi gani. Watafiti wengi hufurahi kusomwa.

Kama bando ni dogo, soma ikisiri kwanza, na upakue pale tu unapoona kipimo unachokitaka kimetajwa.

Hatua ya 4: Fuata namba nyuma

Hapa ndipo penye utafiti wenyewe. Katika makala na programu nyingi utakutana na namba hii: vumbi hupunguza umeme kwa asilimia 0.15 kwa siku. Imo hata kwenye pvlib, maktaba ya bure ya Python inayotumiwa sana na wahandisi wa sola. Ukifungua maelezo ya kitendaji (function) chake kiitwacho kimber, utaona thamani za kuanzia: hasara ya 0.0015 kwa siku, mvua ya milimita 6 inahesabiwa kuwa imeosha paneli, siku 14 baada ya mvua ardhi ina unyevu na vumbi haliruki, na hasara haivuki 0.3.

Sasa fuata jina. Kimber na wenzake walichapisha utafiti huo mwaka 2006, na mitambo waliyoiangalia ilikuwa California na kusini-magharibi mwa Marekani. Siyo Dodoma. Hilo haliifanyi namba kuwa mbaya, ila linakuambia uitumie kama makisio ya kuanzia.

Ipige hesabu uone inavyokuwa. Tuchukue mvua ya mwisho ya maana inyeshe tarehe 30 Aprili na nyingine isije mpaka Desemba. Kuanzia Mei hadi Novemba ni siku 214. Toa 14 za unyevu, zinabaki 200. Zidisha kwa asilimia 0.15, unapata 30, yaani umegota kwenye kikomo cha programu. Lakini hiyo ni hasara ya siku ya mwisho, siyo ya msimu. Kwa kuwa hasara inapanda kidogo kidogo kutoka sifuri, wastani wa siku hizo 200 ni asilimia 15. Ukiosha kila baada ya siku 30, kilele kinakuwa 4.5 na wastani 2.25. Ripoti nyingi huchanganya kilele na wastani, na ndiyo sababu mojawapo ya asilimia za mtandaoni kupishana hivyo. Ukikuta "hasara ya asilimia 30", uliza kwanza: ya siku gani?

Ukitaka kujua kama 0.15 inafaa kwako, pima. Chukua paneli mbili ndogo zinazofanana, za wati 20, zifunge pembeni mwa zile kubwa kwa mwinamo uleule. Moja isafishe kila asubuhi, nyingine iache. Karibu na saa sita mchana, jua likiwa wazi, pima mkondo wa shoti wa kila moja, yaani mkondo unaopita ncha mbili za paneli zikiunganishwa moja kwa moja kupitia mita, kisha gawanya wa paneli chafu kwa wa paneli safi. Siku ya kwanza, zote zikiwa safi, pima pia, maana paneli mbili za aina moja haziwi sawasawa kabisa. Tofauti hiyo uiondoe kwenye vipimo vyote vinavyofuata. Usijaribu hivi kwa paneli kubwa ya wati 400 na multimita ya kawaida. Mkondo wake wa shoti kwa kawaida huvuka ampea 10, na fyuzi ya mita itakatika.

Hatua ya 5: Takwimu za jua na mvua

PVGIS, ya Tume ya Ulaya, inakupa bure makadirio ya umeme wa paneli kwa sehemu kubwa ya Afrika. Weka latitudo -6.17 na longitudo 35.74, nguvu ya kilowati 1, kisha angalia mambo mawili yanayowaangusha wengi.

La kwanza ni mwelekeo. Katika PVGIS, 0 maana yake ni kusini. Paneli za Dodoma, kama za Nairobi, zinatakiwa kutazama kaskazini, kwa hiyo andika 180. Ukiiacha 0, programu haitalalamika. Itakupa tu jibu la paneli zilizogeuziwa jua mgongo.

La pili ni hasara ya mfumo, ambayo PVGIS yenyewe huijaza asilimia 14. Ndani ya hiyo 14 kuna nyaya, inveta na uchafu wa paneli. Ukichukua jibu lake na kulipunguza tena kwa hasara ya vumbi uliyoikokotoa, umelihesabu vumbi mara mbili.

Kwa mvua ya kila siku tumia NASA POWER. Kipimo cha mvua kinaitwa PRECTOTCORR, kwa milimita kwa siku, na takwimu za hali ya hewa zinaanzia 1981. Pakua faili ya CSV. Thamani iliyokosekana imeandikwa -999. Usipoifuta kabla ya kutafuta wastani, utapata mvua hasi. Usisahau alama ya kutoa kwenye latitudo, maana bila hiyo umeruka hadi Ethiopia. Na kumbuka ukubwa wa kisanduku kimoja: nyuzi 0.5 kwa 0.625, takriban kilomita 55 kwa 69. Manyunyu yaliyoosha paa lako yanaweza yasionekane humo kabisa. CHIRPS, mkusanyo mwingine wa takwimu za mvua, ina visanduku vidogo zaidi, vya nyuzi 0.05, nayo pia inaanzia 1981.

Hataza, viwango na karatasi za data

Hataza (patent) ni maktaba ya michoro ambayo watu wachache huifungua. Nenda Espacenet au Google Patents na utafute kwa msimbo wa fani badala ya maneno: H02S 40/10 ni vifaa vya kusafisha paneli. Utaona brashi, roboti, mifumo ya maji na ya hewa, kila sehemu ikiwa na namba na maelezo. Herufi mwishoni mwa namba ya hataza ina maana: A kwa kawaida ni ombi lililochapishwa tu, B ni hataza iliyotolewa. Hataza inalinda katika nchi iliposajiliwa. Iliyosajiliwa Marekani peke yake haikuzuii kutengeneza na kuuza kifaa hicho Tanzania, lakini mwenyewe anaweza kuwa amesajili kupitia ARIPO, shirika la miliki bunifu la kanda lililoko Harare, kwa hiyo ulizia kwa wasajili wa nchi yako, BRELA kwa Tanzania au KIPI kwa Kenya, kabla ya kuanza biashara.

Viwango vingi vya IEC na ISO, mashirika ya kimataifa ya viwango, vinauzwa. Kinachohusu kupima mifumo ya sola ni IEC 61724-1. Kwenye duka la IEC unaweza kusoma kurasa za mwanzo bure, pamoja na yaliyomo, na hizo hutosha kukuonyesha kama unakihitaji. TBS na KEBS, mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya, ndiko pa kuulizia nakala ya kusoma hapohapo.

Kwa vifaa vya elektroniki, pakua karatasi ya data kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe, siyo kutoka kwa muuzaji au video. Chukua LM317, kidhibiti cha volti kilichojaa madukani. Michoro mingi mtandaoni huweka rizista ya ohm 240 kati ya pini ya kutoa na ya kurekebisha. Volti kati ya pini hizo ni 1.25, kwa hiyo mkondo ni miliampea 5.2. Karatasi ya data ya LM317 inasema mkondo mdogo kabisa unaohitajika ni miliampea 3.5 kwa kawaida, lakini unaweza kufika 10. Ukiangukia chipu ya aina hiyo, na hujaunganisha mzigo, volti itapanda yenyewe. Ukiweka ohm 120 unapata miliampea 10.4, na tatizo limekwisha. Jibu lote limo kwenye mstari mmoja wa jedwali ambao mchora mchoro hakuusoma.

Hisabati ina milango yake

Tofauti na uhandisi wa sola, ambao hauonekani sana kule, hisabati inaishi arXiv. Hazina hiyo ilianzishwa na Paul Ginsparg mwaka 1991 na kwa miaka mingi imeendeshwa na Chuo Kikuu cha Cornell. Kila kitu ni bure. Makala zake huchujwa lakini hazihakikiwi na wataalamu kama za jarida, kwa hiyo soma mstari wa maoni ulio chini ya ikisiri, ambapo mwandishi hutaja jarida lililoikubali au kosa aliloligundua. Angalia pia toleo: v1 na v4 za makala moja zinaweza kuwa na uthibitisho tofauti. Hata hivyo usiidharau makala kwa kukosa jarida. Grigori Perelman aliweka uthibitisho wake wa dhana ya Poincaré huko arXiv kuanzia Novemba 2002, na hakuupeleka kwenye jarida lolote.

Kupata kazi zilizohakikiwa, tumia zbMATH Open, kanzidata ya kazi za hisabati iliyokuwa ya kulipia hadi ilipofunguliwa kwa wote mwaka 2021. Humo unaweza kutafuta kwa msimbo wa tawi: cc:65N30 & py:2018-2024 itakuletea kazi za mbinu ya elementi finiti (finite element) za miaka hiyo.

Ukiwa umehesabu kitu na kupata mfuatano wa namba, uingize OEIS, kamusi ya mifuatano aliyoianza Neil Sloane mwaka 1964. Ingiza namba sita au zaidi. Anayeingiza 1, 2, 5, 14 ataletewa familia tofauti kabisa: moja inaendelea na 42, ambazo ni namba za Catalan, nyingine inaendelea na 41, ambazo hupatikana kwa kuchukua 3 kwa kipeo n, kujumlisha 1, kisha kugawanya kwa 2. Namba ya tano ndiyo inayoamua.

Kwa fomula za vitendaji maalumu kama Bessel na Gamma, tegemea DLMF, maktaba ya mtandaoni ya fomula ya NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, bure kabisa, ambapo kila mlinganyo una namba ya kudumu ya kunukuu. Ila angalia herufi. DLMF huandika intigrali za elipsi kwa k, wakati kitendaji ellipk cha SciPy, maktaba ya hisabati ya Python, kinapokea m, ambayo ni k mraba. Ukitaka K kwa k = 0.5 ukaandika ellipk(0.5), utapata 1.854, jibu sahihi ni ellipk(0.25), yaani 1.686. Hakuna ujumbe wa kosa utakaotokea.

Kompyuta, kwa ufupi

Wataalamu wa kompyuta huchapisha zaidi kwenye mikutano kuliko majarida, na orodha safi ya kazi zao ni dblp. ACM, chama cha wataalamu wa kompyuta, ilifungua kumbukumbu zake za 1951 hadi 2000 mwaka 2022. Itifaki za intaneti zimo kwenye nyaraka ziitwazo RFC, zote bure, lakini soma kichwa cha waraka kwanza: RFC 2616 ya HTTP, ya mwaka 1999, bado inanukuliwa kwenye vitini vya vyuo, wakati ilishabadilishwa mwaka 2014, na tangu 2022 inayotumika ni RFC 9110.

Kabla ya kunukuu

Jarida usilolijua, litafute DOAJ, orodha ya majarida huria yaliyokaguliwa. Makala yenyewe, ipitishe kwenye kanzidata ya Retraction Watch, ambayo Crossref, shirika linalosajili DOI, iliinunua na kuifungua mwaka 2023, uone kama imeondolewa. Na kama rejeo umepewa na programu ya akili mnemba, usiliandike popote mpaka uweke DOI yake kwenye doi.org na ukurasa unaofunguka uwe na kichwa kilekile na waandishi walewale. Programu hizo hubuni marejeo yenye sura ya kweli, mara nyingine kwa kubandika DOI halisi kwenye kichwa ambacho hakijawahi kuwapo.

Hifadhi vyote kwenye Zotero, programu ya kutunza marejeo, ambayo ni ya bure na nafasi yake ya mtandaoni ya bure ni MB 300. Faili kubwa zibaki kwenye kompyuta yako na nakala kwenye flashi. Pembeni, weka jedwali lenye safu sita: namba, kizio, ilipimwa wapi, DOI, ukurasa, tarehe uliyoifungua. Kwa takwimu za tovuti ongeza safu ya toleo. PVGIS 5.2 ilitumia takwimu za setilaiti ziitwazo SARAH2, toleo 5.3 linatumia SARAH3, na nukta moja ya ramani inaweza kutoa majibu mawili.